Simba ya Kaka Odhiambo

Kuna harufu ambayo hutoka kwenye kompyuta kuukuu inapowashwa baada ya kukaa kimya kwa miaka. Ni harufu ya vumbi linalopata joto polepole, yenye uchungu kidogo, kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Mimi niliijua harufu hiyo ikiwa imechanganyika na nyingine, ya udongo mbichi wa ukuta ambao haujakauka vizuri, na hadi leo pua yangu haikubali kwamba vitu hivyo viwili havihusiani. Nikiingia katika ofisi yenye vigae na viyoyozi, fundi mwenzangu akifungua kasha la mashine ya zamani, mimi hutazama ukutani kutafuta tope.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu nje kidogo ya mji wa Migori. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa nimeacha shule katika kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza. Nilichoka tu kuuliza maswali na kuambiwa nisubiri hadi kidato cha nne. Niliokota vibarua hapa na pale, na kimojawapo kilikuwa kufagia ghala la misheni moja ya Kikatoliki ambako palikuwa na kompyuta nne zilizobadilishwa na mpya. Mlinzi wa ghala aliniambia kwamba zingepelekwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Nilimwomba, naye akamuuliza padri, na jioni hiyo nilizisukuma hadi nyumbani kwa mkokoteni, nikizisindikiza kama mtu anayeleta ng'ombe wa mahari.

Wakati huo rafiki zangu wawili, Chacha na Akoth, walikuwa bado shuleni. Chacha alikuwa Mkuria, mtoto wa mwalimu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akoth alikuwa binti wa mama aliyeuza vitenge sokoni, na alikuwa na akili ya haraka kuliko sisi sote. Tangu niache shule, walikuwa na mambo yao ya kucheka ambayo mimi sikuyaelewa: mwalimu fulani alisema hivi, fulani akaanguka wakati wa gwaride. Walipokutana nami njiani walisimama, wakazungumza kidogo, kisha wakaendelea na safari yao. Nilikuwa nawapoteza, nami nilijua. Kwa hiyo nilipogundua kwamba kompyuta zile zilikuwa na waya mmoja mnene mweusi wa kuziunganisha, na ndani ya moja kulikuwa na mchezo wa vifaru vya vita ambao watu watatu wangeweza kuucheza pamoja kila mmoja kwenye kioo chake, nilijua nitafanya nini. Kompyuta iliyo bora ningeifanya seva, mashine mama, ikae pembeni ikiwahudumia wengine watatu. Nao watatu wangekuwa Chacha, Akoth na mimi.

Kazi hiyo ilinichukua wiki sita. Waya ule mweusi ulipita mashine hadi mashine, na kila ncha ya mwisho ilitakiwa kufungwa kwa kifuniko kidogo cha chuma. Kifuniko kimoja kilikuwa kimepotea, na bila hicho mashine zote zilikaa kimya kama watu walionuniana. Katika kijitabu nilichookota ghalani nilisoma kwamba ndani ya kifuniko mna rezista tu, kidude cha kupunguza nguvu ya umeme. Nikavunja redio iliyokufa, nikatoa rezista mbili, nikazishikanisha kwa lihamu, nikazifunga kwa uzi na nta ya mshumaa. Nilipowasha, kifaru changu kilitokea kwenye kioo cha pili. Nilikisogeza huku, kikasogea na kule. Nilikuwa peke yangu sebuleni, nikapiga kelele hadi Mama akaja na mwiko mkononi akidhani nimenaswa na umeme.

Na sebule ndiyo iliyoniletea taabu. Wazazi wangu walikuwa Wasabato, na kwetu jua likizama siku ya Ijumaa, kila kitu cha dunia kilinyamaza. Ijumaa moja Chacha alikataa kuacha mchezo kabla hajalipiza kisasi. Nilimwambia jua linashuka. Akasema kwao Katoliki jua halina haraka. Waumini kutoka kanisani walipobisha hodi kuja kuikaribisha Sabato nasi, walimkuta amesimama juu ya kiti akinguruma, "Umekufa, Akoth! Kufa basi, mama, mbona hutaki kufa?" Mzee mmoja wa kanisa alirudi nyuma hatua mbili, akakanyaga waya, na seva ikazima. Baba hakuinua sauti. Alikuwa seremala, mtu wa kupima kwanza. Wageni walipoondoka alisema, "Kabla Sabato nyingine haijaingia, vitu hivi viwe vimetoka nyumbani mwangu."

Sasa ni lazima nieleze desturi yetu. Kijana wa Kijaluo akifikia umri, hujenga kibanda chake ndani ya boma la baba yake karibu na lango, kinachoitwa simba. Huko ndiko anakolala na kupokea marafiki. Lakini simba hujengwa kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mkubwa kwanza, ndipo mdogo afuate. Mimi nilikuwa mtoto wa pili. Kaka yangu Odhiambo alikuwa hajajenga, kwani miaka miwili nyuma alikosana na Baba, aliyetaka amrithi kazi ya useremala. Aliondoka akaenda Mbita kutengeneza injini za boti, akisema atarudi siku Baba atakapomwita. Baba naye alisema kwamba mtoto haitwi nyumbani kwao. Basi wote wawili wakangoja.

Mimi nilikuwa na wiki moja. Jumatatu Baba alikwenda Awendo kupandisha paa la mtu, na siku hiyohiyo nikakata miti, nikachimba mashimo, nikasimamisha nguzo nne karibu na lango. Mama alikuwa shambani. Ninaapa kwamba sikufikiria jingine isipokuwa meza ya seva itakaa wapi. Jumanne jioni Baba alirudi. Alisimama karibu na nguzo zangu, mfuko wa vifaa bado begani.

"Ndugu yako amekufa lini?" aliniuliza.

"Hajafa, Baba."

"Basi hii ni nini?"

Baba alitua mfuko, akazing'oa nguzo moja baada ya nyingine kwa mikono yake, akayafukia mashimo na kuyashindilia kwa kisigino. Mdogo akijenga kabla ya mkubwa aliye hai, ni kama amemzika. Mtoto yeyote wa kwetu anajua hilo. Nami nilijua, ila nilikuwa na haraka. Baba aliniambia, "Kesho utakwenda Mbita. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe ulichofanya." Usiku huo Mama aliziingiza kompyuta chini ya kitanda chake, akazifunika kwa shuka, akaninong'oneza kwamba huko Sabato haiwezi kuziona.

Nilimkuta Odhiambo ufukweni Mbita, amechuchumaa kando ya injini iliyofunguliwa, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Kando yake wanawake walikuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani. Alifurahi kuniona, kisha akanitazama usoni na furaha ikapungua.

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna. Baba amenituma."

Aliacha kufuta mikono. "Amesema nirudi?"

Ningeweza kudanganya. Neno moja tu lingetosha, na nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile. Nikasema, "Hapana. Amesema nikwambie nilichofanya." Nikamweleza yote, vifaru, Ijumaa, nguzo nne. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisikiliza alishika mdomo.

"Kwa hiyo, omera, ndugu yangu, ulinizika," Odhiambo alisema.

"Nilisahau."

"Ulisahau desturi, au ulisahau kwamba nipo?"

Nilitaka kusema desturi. Lakini miaka miwili ni mirefu kwa mtoto, na ukweli ni kwamba nilishazoea sahani kupungua mezani. Nilianza kulia, pale mbele ya wauza omena. Aliniacha nilie. Alirudisha bolti zote mahali pake, akavuta kamba, injini ikashika. Ndipo akaniuliza, bila kunitazama, "Hiyo seva yako ina nguvu za farasi wangapi?"

"Haina farasi."

"Basi utakuwa umemzika kaka yako kwa ajili ya kitu kisicho hata na punda." Yule mwanamke aliangua kicheko, na mimi nikacheka na kamasi zangu. Kisha akasema, "Nenda. Mimi nina injini mbili za kumaliza." Hakusema anakuja wala haji.

Ijumaa ilipita, na Sabato. Chacha alipita akauliza kama mashine zimekufa. Nikasema ziko kitandani. "Zina malaria?" akauliza, akaenda zake bila kusubiri jibu. Akoth hakuja kabisa. Jumapili asubuhi, nikiwa nakata nyasi za mbuzi, nilimwona Odhiambo akiingia langoni na begi dogo. Baba alikuwa akipiga randa ubao nje ya nyumba. Randa ilisimama.

"Umekula?" Baba aliuliza.

"Bado."

"Mama yako yuko jikoni."

Hayo tu. Hakuna aliyeomba msamaha, wala sikumbuki waliwahi kuombana. Lakini baada ya uji Baba alichukua jembe, akaenda hadi langoni, akaonyesha mahali, akachimba shimo la kwanza. Odhiambo akasimamisha nguzo ndani yake. Majirani walikuja, Chacha alikuja, Akoth akaja kukandika na kina mama. Kufikia jioni simba ilikuwa imesimama, mbichi na yenye kutoa maji. Odhiambo aliwasha moto ndani yake akalala humo, na kesho yake aliniambia, "Lete hao wafu wako." Baba mwenyewe ndiye aliyetoboa tundu katika fremu ya dirisha lake, fremu aliyoichonga kwa mkono na kuisifia kwa kila mgeni, ili waya wa umeme upite hadi kwenye simba.

Tulicheza msimu mzima, Jumapili baada ya Jumapili. Odhiambo alidai kifaru cha kwanza kwa kuwa nyumba ni yake, nami nikabaki kuhudumia seva. Vidole vyake vilivyozoea spana viligonga herufi tatu kwa mpigo, na Akoth alimlipua bila huruma. "Pole, shemeji," alimtania kila mara, "umezikwa tena." Siku moja Baba aliinamisha kichwa mlangoni, akatazama vioo kwa muda, akauliza nani anashinda. Tukamwambia ni Akoth. Akatikisa kichwa, akamwambia Odhiambo, "Na wewe ndiye mkubwa," akarudi kwenye randa yake. Tulisikia akicheka huko nje.

Msimu ulipokwisha kila mtu alishika njia yake. Chacha alihamia shule ya Kehancha, Akoth akaenda Kisumu, na seva ikaungua siku ya radi. Ile simba nayo iliachwa ikaanguka, kama simba zote zinavyoachwa mwenyewe anapohamia boma lake. Mimi sikutulia popote. Nimeishi Kisii, Mwanza, Nakuru, Mombasa, na kila nilikokwenda nimejilisha kwa kuunganisha mashine, shuleni, hotelini, katika ofisi za watu wasionijua jina. Siku hizi kijana huketi kituoni, akabonyeza simu yake, na kabla hajameza mate anapigana na watu mia wa nchi asizozijua. Ni jambo zuri, na silionei wivu. Nimejenga mitandao mingi iliyo mikubwa na yenye kasi kuliko ule wa vifaru vitatu. Lakini hakuna hata mmoja uliotaka kwanza mtu arudi nyumbani.