Foleni ya Mandazi Iliyohesabiwa Kura

Nianze kwa kukubali mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa Risper ambaye huongeza chumvi: ni kweli, mimi Teresia Ndunge, mjane, mwanakwaya, mwenye miaka sabini na ushee, nilitolewa nje ya mkutano wa wafanyakazi wa serikali kwa kosa la kuhonga wapiga kura, na aliyeamuru nitolewe ni mtoto niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili.

Yote yalianza na kikombe kimoja cha chai. Binti yangu Mwikali ni karani wa masjala, wale watu wanaotafuta faili zilizopotea na kupoteza zile ambazo hazijapotea (ni yeye husema hivyo, si mimi), na miaka nenda miaka rudi serikali imekuwa ikiwaahidi nyongeza ya mshahara, inatia sahihi, inapeana mikono mbele ya kamera, halafu inasahau ile sahihi ilikuwa ya nini. Sasa chama chao kikaita kura, wagome au wasigome, na Mwikali ndiye aliyezunguka ofisi hadi ofisi akiwapa watu moyo. Jioni moja akaniambia, "Mama, kura hii ikianguka, barua yangu ya uhamisho iko tayari. Wananipeleka mahali ambapo ukitaka kupiga simu unapanda kilima." Nilijua maana yake, kwa sababu katika chumba chetu pale Kabiria tuko wawili tu, mimi na yeye, na magoti yangu ni yeye huyapaka dawa.

Basi siku ya kura akatoka alfajiri bila kunywa chai. Mwikali ana vidonda vya tumbo. Nilikitazama kile kikombe mezani, nacho kikanitazama, nikasema hapana, huyu mtoto hawezi kupigania mshahara na tumbo tupu, nitamfuata mjini. Kama ningebeba hicho kikombe kimoja tu, leo ningekuwa na heshima yangu. Lakini mimi nimeuza mandazi pale kituoni tangu Mwikali ananyonya, na mkono wangu haujui kukanda unga wa mtu mmoja. Nikabeba ndoo nzima na chupa mbili kubwa za chai, nikasema wenzake pia wana matumbo.

Kumbe huko mjini mambo yalikuwa yameshaharibika (haya niliambiwa baadaye). Karatasi za kura zilifika kwa wakati, tena kwa boksi zilizofungwa vizuri, lakini walipofungua wakakuta kadi za harusi ya watu wawili wanaoitwa Brian na Faith. Katibu wao, Zakaria Musyimi, ambaye mwenyewe hakuutaka huo mgomo, akasema hakuna haja ya kuahirisha, tutapiga kura ya mlolongo kama zamani: anayetaka mgomo apange mstari nyuma ya Mwikali pale juani, na anayetaka kazi iendelee apange nyuma ya kile kiti kilicho kivulini ukutani. Kiti kilikuwa kitupu kwa sababu hata wale waliotaka kazi iendelee hawakutaka kuonekana wakitaka. Zakaria akasema watu wajipange, akaenda kando kuzungumza kwa simu.

Ndipo mimi nikaingia na ndoo yangu kichwani. Watu walikuwa wametawanyika ule uwanja wote nyuma ya ukumbi, wengine wameshasimama kwa Mwikali, wengine wanabishana tu. Mimi naona nini? Naona kiti, naona kivuli. Ukutani juu ya kiti kulikuwa na karatasi yenye maandishi makubwa, lakini nilisoma hadi darasa la pili tu na miwani yangu ilikuwa Kabiria, nikafikiri ni ile ya kukataza watu kukojoa hapo. Nikakaa. Nikafunua ndoo.

Askari wa lango, Josphat Wekesa, ndiye alikuwa wa kwanza kunusa.

"Shosho, ni ngapi ngapi?"

"Leo ni bure, baba. Ni ya watu wa mgomo."

"Basi hata mimi nimegoma!"

Nyuma yake akaja Risper Anyango wa masjala, nyuma ya Risper wakaja wengine, na mnajua watu wa Nairobi, wakiona foleni wanaingia kwanza halafu ndiyo wanauliza inaenda wapi. Hata wale waliokuwa wamesimama kwa Mwikali wakaanza kupungua mmoja mmoja kama mahindi kwenye gunia lenye panya. Mwikali alikuwa mbele kabisa amenyanyua bango lake, ananitazama kwa mbali kwa mshtuko, ananipungia mkono, nami nikampungia pia, nikifikiri ananishukuru.

Zakaria alipomaliza simu yake akageuka, akaona mstari wa kivulini umefika hadi langoni. Uso wake ulimeremeta kama wa bwana harusi. Hakuuliza hata swali moja. Alipita akigusa watu mabega, moja, mbili, tatu, akafika kwangu mbele, akachukua mandazi mawili akiwa bado anahesabu, akaenda kwenye kipaza sauti na mdomo umejaa.

"Ndugu wafanyakazi, kwa kishindo kikubwa, mmeamua kazi iendelee!"

Nikaona bango la Mwikali likishuka polepole.

"Kazi gani?" Risper akapiga kelele. "Mimi nasubiri chai!"

"Mlolongo ukishahesabiwa umehesabiwa," Zakaria akasema.

"Na huyu je?" Risper akamvuta mtu mmoja aliyekuwa nyuma yake, amejaza soksi begani. "Huyu ni wa wizara gani?"

"Wizara ya soksi," yule mchuuzi akajibu, "lakini mimi nilikuwa napita tu, nikaona laini."

Watu wakacheka, mimi sikucheka, maana ndipo nilipoelewa kiti changu kilikuwa cha nani. Nikasimama, magoti yakalia kama mlango wa zamani. "Zakaria," nikasema, "wewe mtoto wa Beatrice Kaluki, nimeimba na mama yako sauti ya tatu, wewe umelala mgongoni mwangu ukinikojolea. Hii si kura. Haya ni mandazi yangu, na mawili uko nayo tumboni."

"Mama Ndunge, kwa heshima zote, wewe si mwanachama."

"Hata Wekesa si mwanachama, na umemhesabu!"

Hapo kama ningenyamaza ningekuwa shujaa. Lakini damu ilikuwa imepanda. Nikabeba ndoo, nikavuka uwanja, nikaiweka miguuni pa Mwikali. "Mkitaka chai, chai iko huku!" Na foleni yote ikanifuata, Wekesa, Risper, mpaka wizara ya soksi, na watu wakaanza kushangilia kwamba mgomo umeshinda, nami nikageuka kumtazama mtoto wangu nikitegemea kukumbatiwa.

Mwikali hakunikumbatia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, hii pia si kura."

"Si wako kwako sasa?"

"Wako kwa ndoo. Nikishinda hivi, kesho Zakaria atasema niliwanunua, na atakuwa amesema ukweli." Akageukia lango. "Wekesa, tafadhali. Mtoe mama nje na vitu vyake. Kila mtu ameze kwanza, halafu tuanze upya."

Nikatolewa. Mbele ya watu wote, Wekesa akibeba ndoo yangu kwa mkono mmoja na kunishika kiwiko kwa mwingine, akininong'oneza, "Pole, shosho, ni kazi," huku bado anatafuna. Nikakaa juu ya ndoo kule nje ya ukuta. Nilisikia miguu ikiburuzwa, kisha sauti ya Zakaria ikihesabu, na safari hii alihesabu kwa sauti na Risper akihesabu pamoja naye. Sikujua anahesabu mstari upi. Niliomba kwa Kikamba, kwa sababu kwa Kiswahili aibu yangu ingesikika.

Halafu nikasikia vigelegele, na Mwikali akatoka langoni, sauti imemkauka, koti limejaa vumbi. Mgomo ulikuwa umepita, mstari wa juani umezunguka uwanja, na kile kiti cha kivulini kimebaki na watu wachache wanaotazama viatu vyao. Akakaa kando yangu chini pale.

"Mama, kuna chai imebaki?"

Nikatikisa chupa ya kwanza. Nikatikisa ya pili. Nikainuka nikafunua ndoo, nikakuta sukari tu chini. Ule mji mzima ulikuwa umekunywa, hata Zakaria, isipokuwa yule mmoja niliyemfuata kutoka Kabiria.

Siku hizi Mwikali akiwa na mkutano nasimama mlangoni na kikombe, hapiti mpaka nimwone akimeza. Na mkiniona penye mkutano wowote, hata wa kanisa, nitakuwa nimesimama. Kiti kitupu sikikalii tena, hata magoti yalie vipi, mpaka nipate mtu wa kunisomea ile karatasi iliyo juu yake.