Mafiga ya Mama Ndani ya Kosta

Naandika haya kwa ajili yenu majirani wa Kolandoto ambao kila nikipita mnaniuliza, "Kabula, hivi kwako ni wapi?" Kwangu ni ndani ya kosta. Nimewajibu mara ngapi jamani? Niling'oa viti, nikaweka kitanda, kabati, jiko la gesi na cherehani, na huu mwaka wa nne nazunguka machimboni nikiwashonea watu ovaroli na kubadilisha zipu. Nalala humo, napika humo, naumwa na kupona humo. Bado mnauliza. Na mwaka huu hata mama yangu mzazi akaanza.

Nyumba yake ya tope ilianguka masika, yeye akiwa amelazwa kwa ajili ya mguu. Alipotoka hospitali, kaka yangu Masanja akaja kutoka Mwanza na uamuzi wake tayari: mama akaishi kwake, nyumba ya vigae, geti, maji ndani. "Mama hawezi kuzeekea kwenye gari," akasema. Nikamuuliza huko Mwanza atazungumza na nani, na geti? Tukazozana mpaka mama mwenyewe akatunyamazisha. Atasafiri na mimi siku sita, hadi Nkome na kurudi, halafu atasema anakaa kwa nani. Nilimtaka mama yangu akae nami. Naliandika wazi ili msije mkadhani nilikuwa nabishana na kaka tu.

Siku ya kwanza, Kolandoto. Saa kumi na mbili asubuhi gari linanguruma. Tumeondoka saa nne. Sababu? Mafiga! Mama alikuwa kwenye kifusi cha nyumba yake, anachokoa kwa fimbo mawe yake matatu ya jikoni, meusi kwa masizi.

"Mama, nina jiko la gesi."

"Chakula cha gesi mimi hakinipiti kooni."

"Basi mawe si yapo njia nzima?"

"Haya nimepikia tangu nilipoolewa. Beba."

Nikabeba, moja moja, mgongo ukinilaani. Kisha akapanda, akakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, ndala miguuni.

Mchana, kabla ya Kahama, akadai tusimame apike. Mafiga yakashushwa, kuni zikatafutwa, ugali ukasongwa kando ya barabara. Kila mchunga ng'ombe aliyepita alisalimiwa "mwadila" na kuulizwa habari za kwao mpaka za mjomba wake. Saa mbili nzima! Baadaye alipojinyoosha kitandani kwangu, nikaona ndala bado ziko miguuni, juu ya shuka nililolifua jana yake.

"Mama, vua basi."

"Abiria akivua viatu, akishushwa ghafla atatembea peku."

"Nani atakushusha humu?"

"Gari ni gari, mwanangu." Akageukia dirishani.

Neno hilo liliniuma, sitaficha. Godoro lile nililinunua kwa ajili ya mama.

Siku ya pili, Ushirombo. Tuliegesha karibu na misheni, wateja wakaja na nguo zao. Mwanamke mmoja aliyeleta sketi ya kupunguza akamwamkia mama, "Shikamoo bibi. Mnaelekea nyumbani?"

"Marahaba. Nyumbani kulianguka," mama akamjibu. "Huyu ananitembeza tu."

Ananitembeza! Nikapitisha sindano kwenye kidole changu mwenyewe.

Siku ya tatu, njia ya Katoro. Hapa ndipo nilipochoka kabisa. Nimezaliwa ukanda huu, nimekula kwa machimbo miaka yote hii, halafu nikaingia kwenye nchi ya dhahabu na mawe matatu yamefungwa kwenye kanga chini ya kitanda! Mtu mwenye akili timamu angefanya hivyo? Kwenye kizuizi cha madini mkaguzi akachungulia, akayaona, uso ukabadilika.

"Dada, mawe haya ya shimo gani? Kibali cha kuyasafirisha kiko wapi?"

"Ni mafiga, mkuu wangu," nikamjibu.

"Mafiga. Kwenye gari lenye jiko la gesi."

Mwenyewe nilikuwa nimesema maneno hayo hayo siku mbili zilizopita. Watu wakaanza kukusanyika, maana huku jiwe likifichwa halikosi mashabiki. Mchimbaji mmoja mzee kidogo, mikono imejaa vumbi la karasha, ile mashine ya kusagia mawe, akajitolea kupima jiwe moja. Mama akashuka na fimbo yake.

"Jiwe hilo limepika ugali wewe hujazaliwa! Umeona wapi dhahabu ina masizi?"

"Bibi, wengine huyapaka masizi makusudi," yule mchimbaji akamwambia kwa heshima zote, akainua nyundo.

Figa likapasuka vipande vinne. Akakitwanga kimoja, akaosha unga wake kwenye karai taratibu, watu wote wamenyoosha shingo. Hakuna kitu. "Jiwe la kawaida," akatangaza, na umati ukatawanyika kama uliodhulumiwa. Mkaguzi akatuomba radhi, akatuachia. Mama akaokota vile vipande akavitia kwenye mkoba. Tukaendelea hadi Geita.

Jioni nikawasha gesi, nikapika wali. Hakuugusa. Alikula ndizi mbivu mbili. "Mafiga mawili hayainjiki chungu," akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hasira zangu zote zikaishia hapo. Nikajua nimeshampoteza, safari iliyobaki ni ya kumpeleka kwa Masanja.

Siku ya nne, Nkome. Mwaloni, ufukweni mwa ziwa wanaposhushia samaki, dagaa wameanikwa mpaka harufu inakaa kwenye nywele. Mteja wangu Mama Tabu, mwanika dagaa aliyehamia hapo kutoka Kigoma, akaleta gauni lililochanika, akamkuta mama amejikunyata kwenye kiti. Mama akamweleza habari za figa, kirefu, kama anaeleza msiba.

"Pole, bibi yangu," Mama Tabu akasema. "Mimi figa langu moja nililiokota hapa. Mawili niliyakuta, mpangaji alihama akayaacha. Na ugali unaiva."

Mama akamtazama. Kisha akachukua fimbo. "Kabula, twende."

Weee! Tulizunguka asubuhi nzima. Hili la majini, litapasuka kwenye moto. Hili limelala upande. Hili dogo. Nilibeba mawe saba na kuyarudisha saba. La nane, kavu, mbali na maji, akalipiga kwa fimbo, akalisikiliza, akasema, "Haya." Mchana huo alipika, Mama Tabu akala nasi, na mama akala akaramba vidole. Tulipoagana Mama Tabu akampa mkeka mpya. Mama akautandaza sakafuni garini, kuanzia kitandani hadi mlangoni. Nikadhani hataki ukunjike kabla ya kufika Mwanza.

Siku ya tano na ya sita tulirudi. Nilimuuliza mara mbili amekata shauri gani. "Angalia barabara," akajibu. Nikaangalia barabara.

Kolandoto, alasiri. Masanja alikuwa anatusubiri, buti la gari lake liko wazi. Akapanda kwangu kwa hatua ndefu.

"Shikamoo mama. Vitu vyako viko wapi nipakie?"

"Masanja!" Mama alifoka mpaka nikashtuka. "Unaingia ndani na viatu? Mkeka nimeufuta sasa hivi!"

Masanja akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Miguu ya mama ilikuwa mitupu, na ndala zake zilikuwa kwenye ngazi ya mlango, zimepangwa. Sijui tangu lini.

Kaka yangu, mtu mzima na suruali yake ya pasi, akashuka akavua viatu, akapanda na soksi.

"Vitu vyangu viko mahali pake," mama akamwambia. "Kaa. Kabula atashusha mafiga, nikuinjikie ugali." Kisha akanigeukia. "Na wewe usijione mjanja. Tangu Nkome unanikanyagia mkeka na raba zako. Vua!"

Miaka minne nimelala humo, na hakuna siku niliyovua viatu mlangoni. Nikainama, nikafungua kamba. Basi, majirani, msiniulize tena. Njooni tu, ila mkifika vueni, maana huyu mama hata mimi hanisamehe.