Mninga wa Jirani

Mwezi wa sita mwaka huu nilikwenda Ipole kwenye harusi ya binti wa mjomba wangu. Kesho yake, wakati wa kurudi, nikamwomba mwenye bodaboda anipitishe kwenye mlima niliokulia. Nikamweleza kwamba tukishavuka daraja tutaona geti la magogo mkono wa kushoto, kisha njia ya kupanda. Baba wa watu akageuka kunitazama.

"Dada, hapo hakuna geti. Sisi tunapaita Mabanini."

Na kweli, tulipofika niliona mabani, zile nyumba ndefu za kukaushia tumbaku, manne yamejipanga pale chini, kila moja na lundo la magogo ubavuni. Mlima wenyewe ulikuwa mweupe kwa mawe. Nilishuka kwenye pikipiki nikasimama tu.

Nikueleze palivyokuwa, rafiki yangu. Mlima ule ulikuwa mali ya mzee mmoja aliyestaafu kazi ya misitu, nasi sote tulimwita Bwana Misitu. Alikaribisha kaya nane kuishi naye humo, kwa masharti: gari na ng'ombe viishie getini, moto usiwashwe porini, na mti mbichi usikatwe hata ukiwa mwembamba kama mpini wa jembe. Kuni ni zile zilizoanguka zenyewe. Aliyevunja sharti aliondoka.

Nyumba zetu zilikaa katikati ya miti na mawe, hata huwezi kuona ya jirani, ila unamsikia akikohoa. Asubuhi bibi yangu aliyenilea alisimama mlangoni akiita "Mwangaluka!" nayo salamu ikajibiwa kutoka huku na huku, mlango baada ya mlango, mpaka juu kwa Bwana Misitu. Asiyejibu alitumiwa mtu kwenda kumwangalia. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, tukichovya kwenye asali. Masika yakiingia tulitoka na vikapu kutafuta uyoga, bibi akaupika kwa karanga, na harufu ile ilinifanya niteke maji kisimani bila kuambiwa mara mbili.

Jumapili tukitoka kanisani, Bwana Misitu alitutembeza watoto porini. Alitufundisha kuutambua mninga kwa utomvu wake mwekundu, akatuambia sisi ndio walinzi wa mlima. Wenzangu walikuwa wakirushiana mbula, yale matunda ya porini. Mimi nilimsikiliza kwa moyo wote. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na sijawahi tena kuamini jambo kama nilivyoamini lile.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mama kijana aliyetokea Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi. Mumewe alilima tumbaku Urambo na msimu ukianza hakuonekana kwa miezi. Kila Jumamosi yule mama alinisuka nywele barazani kwake, kichwa changu kikiwa mapajani mwake, huku maharage yake ya mawese yakichemka jikoni. Alikuwa mjamzito. Alinishika mkono akauweka tumboni na kuniambia, "Wewe ndiye utakayekuwa dada yake."

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, masika yakiwa yamekolea. Alikuwa njiti, mdogo wa kutisha. Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, mama aliambiwa amkinge na baridi na moshi. Kwa siku nyingi hatukumwona. Alijibu salamu ya bibi kwa sauti ya chini, basi.

Juma lile nilikwenda kutafuta uyoga nyuma ya miamba nikanusa moshi. Nikaukuta mninga umekatwa, kisiki bado kinatoka utomvu, na pembeni tanuri dogo la mkaa limefunikwa kwa udongo na majani. Ndala za jirani zilikuwa pale pale. Nilizijua, maana ndizo nilizokuwa nikizitazama kila Jumamosi nikisukwa.

Nyumbani kwetu palikuwa karibu zaidi. Lakini nilipita, nikapanda mbio mpaka kwa Bwana Misitu.

Jioni hiyo hiyo watu wazima waliitwa kwenye kikao uwanjani kwake. Alinisimamisha mbele yao.

"Sema ulichokiona, mjukuu wangu."

Nikasema. Nilisema vizuri, kwa sauti, kama mtu anayesoma somo kanisani. Jirani alikuwa amesimama na mtoto kifuani ndani ya kanga mbili.

"Ni kweli," alisema. "Kuni zote zimelowa, zinatoa moshi, na mtoto anabanwa kifua; mkaa hauna moshi. Niliogopa kuomba. Sisi ni wageni hapa."

Bwana Misitu akasema kwamba sharti likilegezwa kwa mmoja limekufa kwa wote. Hakuna aliyembishia. Bibi alifungua kinywa, akanitazama, akakifunga.

Jirani aliondoka kesho yake, mvua ikinyesha, mzigo kichwani na mtoto kifuani, na shemeji yake akimsubiri getini na baiskeli. Bibi alimsindikiza. Aliporudi, kanga imemganda mwilini, aliniwekea chakula, kisha akasema, "Ungeniambia mimi kwanza. Nilikuwa na kuni kavu darini." Hakunigombeza zaidi ya hapo. Heri angenigombeza.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Watu wazima wakiniona nakuja walinyamaza. Mama mmoja aliwakataza wanawe kuingia majumbani mwa watu, wasije wakaona mambo. Salamu ya asubuhi ilianza kurukwa na nyumba moja, kisha mbili. Kaya zikahama taratibu, kila moja na sababu yake. Bwana Misitu alipofariki tulibaki kaya tatu, na kaya tatu haziwezi kuzuia mlima mzima usikatwe miti. Bibi alimalizia siku zake Tabora mjini, kwenye chumba cha kupanga.

Miaka kadhaa iliyopita nilisikia jirani yuko Usoke, nikamfuata. Alinipokea vizuri, akanipikia. Mtoto yule alipona. Ni dada mrefu, ana duka la vitambaa karibu na stesheni. Alinisalimia, "Shikamoo." Nilipoanza kueleza kilichonileta, mama yake alinikatiza kwa upole: "Kula, mwanangu, chakula kinapoa." Nikala. Bintiye alipouliza mimi ni nani, akamjibu, "Ni mgeni kutoka Tabora." Sikupata tena nafasi ya kusema.

Kwa hiyo siku ile ya bodaboda nilisimama mbele ya mabani nikitafuta wa kumlaumu, na wakulima wa tumbaku walikuwa karibu. Lakini wao walikuta mlima usio na watu. Sisi tuliokaa humo tulijua kila mti kwa jina, na mwenzetu alipokaa siku nyingi ndani na mtoto mgonjwa, hakuna aliyekwenda kubisha hodi. Mimi niliyefika karibu na shida yake, niliona kisiki tu.

Mwenye bodaboda aliniuliza kama nimeona nilichotaka kuona. Nilimwambia twende.