Waliposema Ego

Nakumbuka siku moja kule Giteranyi, mkoani Muyinga: kabla sijaona kitu, nilisikia vyura. Ukungu wa alfajiri ulikuwa umelala bondeni, sioni hata kidole cha mguu, na vyura wanaimba palepale kilipokuwa kitalu chetu cha kahawa. Moyo ulijua kabla ya macho.

Mwanangu, nilikuwa kijana, nimerudi kutoka Tanzania nilikokulia, na Kirundi changu kilitosha kuomba maji tu. Nikapewa kikundi cha watu saba tuoteshe miche ambayo wakulima wangeipanda msimu ule. Nikawaita, nikasema kitalu tukiweke bondeni, karibu na mto, tusihangaike na ndoo. Mzee Nestori, mwenyeji wa hapo, alitazama jembe lake akasema, "Ego." Wenyeji wenzake nao wakasema ego, mmoja baada ya mwingine. Neno hilo nililijua: ndiyo. Aliyenipinga ni Mama Furaha peke yake, aliyetoka Kivu.

"Shefu, mi siko nakubali. Mvua ikikuja, hii miche itaoga mpaka ikufe."

Watu wakacheka. Nikaona amenivunjia heshima. Nikamjibu kwamba wengi wameshaamua, na penye wengi hapaharibiki neno. Ujana, mwanangu.

Basi mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi nikawasikia wale vyura. Ukungu ulipofunguka, miche ilikuwa inaelea. Nikamkuta Mzee Nestori ukingoni, nikamuuliza kwa nini alikubali jambo alilojua ni baya.

"Nani alikubali?" akasema, taratibu. "Tulisema ego, yaani tumekusikia. Mkuu hapingwi mbele za watu. Tulingoja uje nyumbani utuulize. Hukuja."

Nilisimama matopeni kama mtu aliyepotea uani kwake. Aliyenikatalia ndiye aliyekuwa upande wangu, na walionikubalia hawakuwa wamenikubalia! Mama Furaha hakunisuta. Alivua kandambili, akaanza kuokota miche. Michache ilipona. Msimu ule mashimo mengi waliyochimba wakulima yalibaki matupu, na kila nilipoyapita niliangalia pembeni.

Sasa leo unakwenda Muyinga kuongoza watu wako, nami niko hapa Musinzira, mzee, na bado mambo haya yananichanganya. Ninachokijua ni hiki. Usihesabu ndiyo kabla hujajua kila mtu husemaje hapana. Anayekupinga waziwazi, mshukuru. Anayenyamaza, mfuate kwake, kaa, umuulize: shamba hili lingekuwa lako, ungefanyaje? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe mimi niliusikia kwa vyura.

Mungu akupe miguu ya kufika kwenye nyumba za watu, na masikio yasiyochoka ukishafika. Ukaote popote utakapopandwa.

Umenielewa?

"Ego, baba," unasema, na begi liko begani tayari. Sijui umekubali au umenisikia tu. Nafungua kinywa nikuulize, na mlango umeshafungwa nyuma yako.