Askari wa Ugiriki Jikoni kwa Bibi

Sisi tuliokua Ijumbi kabla ya simu tunajuana kwa magoti: yana makovu ya kuanguka kwenye miparachichi. Yangu ni laini kama ya mtoto wa askofu. Wenzangu wakikimbizana kibanjani, kati ya migomba, mimi nilikuwa jikoni kwa bibi namenya ndizi. Mpaka leo, safari ya Bukoba mjini naanza kuiogopa siku mbili kabla.

Nikiwa kidato cha pili niliazima shuleni riwaya ya Kiingereza kuhusu askari wa Ugiriki ya kale. Darasani historia ilikuwa majina ya vita. Humu mlikuwa na mtu mwenye malengelenge miguuni, anayewaza mkate wa mama yake. Kila jioni nilimsomea bibi, nikitafsiri kwa Kihaya, na pale Kiingereza kiliponishinda nilikohoa.

Kwetu mgeni haketi bila kupewa kahawa kavu atafune, basi bibi akataka kujua: "Hao wanampa mgeni nini?"

"Zeituni, bibi. Kahawa hawana, hata hawaijui."

"Maskini! Na wanatembeleana hivyohivyo?"

Alimpenda yule askari. Mwanawe wa kwanza, baba yangu mkubwa, alivuka kwenda Uganda kutafuta kazi. Hakurudi wala hakuandika. Kila jioni bibi aliuliza swali moja: "Amefika kwao?"

Hakufika. Nilichungulia kurasa za mwisho: aliuawa, na mwenzake akasafiri kwenda kumpa mama yake habari. Nikaogopa. Jioni ya kumaliza nikamrudisha nyumbani mzima, mama akamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna.

Bibi akaweka kisu chini. "Kahawa imeota lini huko, mwana wange? Nisomee kilichoandikwa."

Nikasoma. Maharage yakaanza kushika chini ya sufuria, bibi hakuyakoroga. Kisha akasema, "Mama yule ana bahati. Alikuja mtu akamwambia."

Vijana wa leo ukiwapa riwaya kama ile, wanauliza kwanza kama ipo kwenye video, na kama mhusika anakufa, wasije wakapoteza muda. Siwalaumu; kila jibu wanalo mfukoni. Mimi nimekuwa mzee wa kusoma kimya, kitini, miguu juu ya stuli. Vitabu vya Wagiriki ninavyo rafu nzima. Sijapata tena wa kuvisikiliza kama mtu anayengoja habari za mtoto wake.