Uso Niliofundishwa

Rungu liliniangukia juu ya sikio la kushoto nikiwa nimeinama zizini, nikizoa mavi ya ng'ombe ya kukandika sakafu. Kulikuwa kumepambazuka. Hayo ndiyo niliyo na hakika nayo. Mengine yote ya asubuhi ile niliyapata kwa watu: kwamba wezi wa mifugo walikuwa sita, kwamba walimchoma mchungaji wetu mkuki wa tumbo akafa ameshika matumbo yake mikononi, kwamba walivuka mto na ng'ombe wote wa baba mkwe kabla jua halijapanda.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, upande wa Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Nilikuwa nimeolewa huko muda mfupi tu, kutoka kisiwani, kwa hiyo waliniita Nyar Rusinga, binti wa Rusinga.

Nilizinduka siku ya tatu. Niliweza kula na kusema, lakini kichwani mlikuwa na mashimo. Waliponiletea mtoto wangu wa miezi minne nikauliza ni wa nani. Mama mkwe akatoka nje akalia. Nilitia chumvi kwenye mboga, nikasahau, nikatia tena, mpaka mume wangu akawa anaonja kwa ncha ya kidole kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa katika darasa la ubatizo na nilikuwa nimeanza kusoma Injili mwenyewe. Sasa herufi zilikuwa mikwaruzo ya kuku.

Katekista, mzee mpole, alianza nami upya. Alisema swali, akasema jibu, nikalirudia. Kesho yake tena. Hatimaye jibu likawa linanitoka kinywani kabla hajamaliza kuuliza.

"Sasa umekumbuka," akasema.

Nilifurahi. Sikujiuliza kama nilikuwa nimekumbuka au nimejifunza.

Nyumbani kulikuwa na darasa lingine. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliketi kando yangu kila alasiri.

"Nyar Rusinga, aliyekupiga alikuwa mrefu?"

"Sijui, shemeji."

"Alikuwa mrefu. Ana kovu shavuni. Ni yule Mkuria mnunuzi wa ngozi, anayekuja sokoni na baiskeli. Mwangalie vizuri."

"Sioni kitu."

"Utamwona. Kichwa kinapona polepole."

Kikapona hivyo. Wiki ya pili nililiona kovu. Wiki ya tatu nilimwona mtu mzima, amesimama juu yangu na rungu, anacheka, na katika kicheko kile niliona pengo la meno ya chini. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kunirudishia asubuhi yangu.

Walimleta siku ya soko, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, shati limechanika. Baba mkwe aliniuliza kutoka mbali, akitazama pembeni, kama mkwe anavyopaswa.

"Ndiye?"

"Ndiye," nikasema. Sikusita hata kidogo.

Baba mkwe alianza kwa fimbo ya kuchungia. Shemeji alitumia mpini wa jembe. Mfupa wa mkono ulikatika kwa mlio wa muwa. Damu ikamtoka sikioni, kisha jicho la kulia likapasuka, na mtu mmoja akaita panga liletwe. Yule mwanamume akapiga kelele, uso umenielekea, kinywa wazi kabisa.

Meno yake ya chini yalikuwa kamili.

Wazee wetu wa Kiluo waling'olewa meno sita ya chini walipoingia utu uzima. Huyu hakung'olewa hata moja. Pengo nililoliona lilikuwa la baba yangu, la wajomba zangu, la kila mwanamume aliyewahi kucheka karibu nami. Shemeji alikuwa amenipa urefu na kovu. Kinywa hakunipa, kwa hiyo kichwa changu kikaazima cha nyumbani.

"Siye!" nikapiga yowe. "Mwacheni, siye!"

Shemeji hakugeuka. "Kichwa chako kibovu. Juzi ulimsahau mtoto wako."

"Nilikosea niliposema ndiye!"

"Hilo ndilo pekee ulilokumbuka sawa, shemeji."

Watu wakacheka. Panga likaja.

Neno langu halikuwa na kazi tena. Nikaruka katikati yao nikamlalia yule mtu. Mpini wa jembe ukanipata mgongoni. Fimbo ya baba mkwe ilikuwa imeinuliwa, ikabaki huko juu. Kwetu baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, sembuse kumpiga. Akifanya hivyo chira, laana ya kuvunja mwiko, inaingia bomani, na watoto wanakonda mpaka wanakufa.

"Ondoka hapo, Nyar Rusinga."

"Siondoki, baba."

"Ondoka!"

Chini yangu pumzi ya yule mtu ilikuwa ikitoka na mapovu ya damu. Shemeji akanishika mguu kunivuta. Baba mkwe akamgeukia, akampiga fimbo ya uso, mara moja, akaanguka.

"Acheni," akasema.

Yule Mkuria tulimpeleka hospitali ya misheni kwa mkokoteni wa jirani. Jicho lilipotea, na mkono ukaunga umepinda. Nilikwenda kumwona nikisindikizwa na katekista, nikamweleza yote, hata pengo la meno.

"Asubuhi ile nilikuwa Homa Bay na ngozi zangu," akasema. "Hakuna aliyeniuliza."

"Nisamehe."

Akageuzia uso ukutani. "Rudi wiki ijayo, mama. Leo siwezi."

Nikarudi. Wiki hiyo pia hakuweza. Mara ya nne akaniambia niketi.

Nilibatizwa mwaka uliofuata, na ninamshukuru Mungu kwa subira ya watu wawili, katekista na yule mnunuzi wa ngozi. Lakini asubuhi ya zizini haijanirudia mpaka leo. Nikiitafuta namkuta yeye, na rungu, anacheka, ingawa najua hakuwepo. Kwa miaka mingi tulikutana sokoni, na kila mara mwili wangu ulirudi nyuma hatua moja kabla sijauzuia. Aliiona hatua hiyo. Alisimama na baiskeli yake, akangoja mpaka nisogee tena mbele, ndipo akanisalimu.