Beseni la Alhamisi Kuu

Niliipika miguu yangu mwenyewe, tena kwa maji niliyoyachemsha kwa mikono yangu. Nalisema mapema ili msinihurumie bure.

Mwaka huo, enzi za Mwingereza, padri wetu pale Kwihara alinichagua niwe mmoja wa wanaume kumi na wawili wa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu. Mimi, karani wa zamani wa stesheni ya Igalula, msomi wa sekondari, ambaye kazi yangu kubwa siku hizo ilikuwa kukaa nyumbani! Kichwa kilivimba. Ila miguu yenyewe ilikuwa ya kutia haya. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeiua mishipa ya fahamu: mchana ganzi, usiku inawaka kama imepakwa pilipili, na visigino vimepasuka kama jaruba la mpunga kiangazi.

Daktari wa mjini Tabora alinipa sindano za kushusha sukari, akasema dawa ya kuiamsha mishipa hana. "Kagua nyayo kila jioni. Na maji ya kuoga yapime kwa kiwiko." Kiwiko! Kama mtoto mchanga! Nikaenda kwa mganga wa Puge. Akanichua kwa mafuta ya nyonyo, kisha akanichapa nyayo kwa majani yanayowasha.

"Unasikia?"

"Nasikia," nikadanganya. Jasho lilikuwa linamtiririka, nikaona haya kumvunja moyo.

Basi Jumatano, mke wangu akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikaamua kulainisha magaga. Nikatia miguu kwenye beseni. Baridi. Nikaongeza maji ya sufuriani. Baridi vilevile. Nikamimina yote yaliyobaki, nikakaa napiga mluzi. Mke wangu aliporudi ndiye aliyeona ngozi inaelea.

Nilimwapisha asimwambie mtu. Tukafunga vitambaa, na kesho yake nikatuma habari kwa padri kwamba nimefikiwa na mgeni kutoka Nzega. Wenzangu wakaoshwa, nami nimejifunika blanketi nasikiliza kengele.

Kufika Pasaka, mguu wa kulia ulikuwa unanuka. Mke wangu akafukiza ubani, tukajifanya ni wa sikukuu. Ndipo akaingia jirani yetu, bibi mjane asiyejua hodi ni kitu gani, na bakuli lake la wali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karani. Mgeni wako yuko wapi?"

"Ameshaondoka."

"Harufu yake mbona kaiacha?"

Akalifunua blanketi. Kidole gumba kilikuwa cheusi. Sikuwa na uongo mwingine. Nikamwambia kweli, kwamba niliona haya padri aushike mguu kama huu.

Alifunika bakuli lake, akasema: "Yesu aliosha miguu ya Yuda, sembuse ya kwako! Inuka twende hospitali leo hii, la sivyo mwakani padri ataosha mmoja."